Wageni wapo, simu haiiti: kutafuta kasoro kwenye takwimu za tovuti ya biashara ndogo

Fundi mmoja wa samani wa Keko, Dar es Salaam, alinipigia akitaka kuongeza pesa ya matangazo. Tovuti yake, alisema, inaingiza watu kila siku lakini oda haziji. Nilimfuata karakanani, nikaomba simu yake iliyojaa vumbi la mbao, nikafungua ukurasa wa vitanda na kubofya kitufe cha kijani cha WhatsApp. Ukatokea ujumbe kwamba namba si sahihi. Aliyemtengenezea tovuti aliandika namba kama tunavyoitaja wenyewe, ikianza na sifuri, wakati kiungo cha wa.me, kile kinachofungua mazungumzo ya WhatsApp, kinataka namba ianze na 255, bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Kila mteja aliyebofya aliishia hapo. Pesa ya matangazo ingeleta watu wengi zaidi wa kuishia hapohapo.

Tangu siku ile sigusi tangazo la mtu kabla ya kupitia dalili zilizo hapa chini, ripoti ya Google Analytics (huduma ya Google inayohesabu wageni wa tovuti) ikiwa wazi upande mmoja na daftari la oda upande wa pili. Mali bila daftari huisha bila habari, na tovuti nayo ni mali. Ripoti inajua nani aliingia, daftari linajua nani alilipa, na kasoro nyingi zimelala katikati ya hayo mawili.

Dalili: ripoti ni tupu, au idadi imeanguka ghafla

Zima Wi-Fi, washa bando, fungua tovuti yako kwa simu, kisha angalia ripoti ya wakati halisi, ile inayoonyesha walioingia ndani ya dakika 30 zilizopita. Ukijiona, mfumo unafanya kazi, na hizo ripoti nyingine zinangoja tu kuchakatwa, jambo linaloweza kuchukua saa 24 hadi 48. Idadi ya leo asubuhi isikutie presha.

Usipojiona, jiulize kwanza kama umeingia kwenye tovuti kama msimamizi. Wanaotumia WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, na plagini (programu ya kuongezea) ya Site Kit inayoiunganisha na Analytics hujikuta hapa mara nyingi, kwa sababu plagini hiyo kwa kawaida haiwahesabu watu walioingia na akaunti ya tovuti. Toka kwenye akaunti, ujaribu tena.

Kama bado ni kimya, uliza ni lini mwonekano wa tovuti ulibadilishwa. Msimbo wa Analytics ukiwa umebandikwa ndani ya faili za mwonekano, fundi akiweka mwonekano mpya, msimbo unakwenda na ule wa zamani. Na kama tovuti yako ni ya miaka mingi na haijaguswa, huenda bado ina msimbo unaoanza na herufi UA. Google iliacha kupokea takwimu za mfumo huo tarehe 1 Julai 2023. Msimbo wa mfumo wa sasa, GA4, huanza na herufi G na kistari.

Dalili: idadi ni kubwa mno, au ni nzuri mno

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi hufurahia kitu ambacho hakipo.

Kisa cha kwanza ni cha anayekuuzia hosting, yaani nafasi ya kuweka tovuti kwenye seva. Anakufungulia AWStats, kihesabu cha seva, ndani ya cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, na kukuonyesha “hits” elfu kadhaa kwa mwezi. Hiyo si idadi ya watu. Kila picha, kila faili ya rangi na maandishi inayopakuliwa inahesabiwa peke yake, kwa hiyo ukurasa mmoja wenye picha 15 unaweza kutoa zaidi ya 20 kwa mtu mmoja aliyefungua mara moja. Humo huweza kuingia pia roboti ambazo AWStats haikuzitambua, na hata WhatsApp yenyewe inapokuja kuchukua picha ndogo ya kiungo ulichotuma. Tumia AWStats kujua kama seva iko hai. Kwa kupanga soko, iache.

Kisa cha pili ni msimbo kubandikwa mara mbili, mmoja kwa plagini na mwingine kwa mkono. Dalili yake inapendeza macho: kiwango cha ushiriki kinapanda hadi karibu asilimia 100. Sababu ni kwamba GA4 huhesabu ziara kuwa ya ushiriki ikizidi sekunde 10, au ikiwa na tukio muhimu (kitendo ulichokichagua mwenyewe, kama kubofya WhatsApp), au ikifungua kurasa mbili na zaidi. Msimbo ukiwa mara mbili, ukurasa mmoja unahesabiwa kama miwili, na kila apitaye anaonekana mteja makini. Nikiona asilimia 97 kwenye duka dogo, siwapongezi wenye duka. Natafuta msimbo wa pili.

Kisa cha tatu ni wageni wa Ashburn. Ukiona mji huo wa Virginia, Marekani, umejaa kwenye ripoti ya duka la Mwanza, na wageni wake wanakaa sekunde sifuri, ujue unatazama kompyuta na si watu. Eneo lile lina vituo vikubwa vya data. Google huchuja roboti inazozifahamu, lakini nyingine hupenya. Huna la kurekebisha kwenye tovuti. Soma ripoti zako kwa kuchagua nchi unakouza tu.

Kisa cha nne ni wewe mwenyewe, mkeo, na kijana wa dukani mnaofungua tovuti mara 10 kwa siku kuangalia imekaaje. Kwa biashara yenye wageni 30 kwa siku, hiyo si hesabu ndogo. GA4 ina kichujio cha kuondoa anwani ya intaneti ya ofisi, ila anwani ya bando hubadilika kila mara, kwa hiyo kwetu hakisaidii sana. Rahisi zaidi ni kukagua tovuti yako kwa kivinjari cha Brave, ambacho huzuia Google Analytics bila kuambiwa.

Dalili: nusu ya wageni wanaitwa “Direct”

Jina hilo linafanya watu waamini kwamba wateja wanaikumbuka anwani na kuiandika wenyewe. Wachache hufanya hivyo. “Direct” maana yake ni kwamba mfumo haukuambiwa mgeni ametoka wapi, na kwa biashara zetu jibu mara nyingi ni WhatsApp: kiungo ulichoweka kwenye stetasi, kwenye kundi la mtaa, au ulichomtumia mteja moja kwa moja. Programu ile kwa kawaida haipeleki habari ya chanzo. Kwa hiyo mfanyabiashara anatazama ripoti, anaona Instagram 60, Google 80, “Direct” 200, anaamua kuweka nguvu Google. Kumbe stetasi yake ya jioni ndiyo inayoleta watu, na hakuna anayeisifu.

Dawa ni kuuwekea kila mlango jina lake, kwa kuongeza maneno mwishoni mwa kiungo:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=stetasi

Kiungo cha kundi kiwe na neno kundi badala ya stetasi, cha bio ya Instagram kiwe na chake, na hata msimbo wa QR kwenye kadi ya biashara au kwenye mfuko wa kufungashia uwe na chake. Mambo matatu huwaharibia watu kazi hii. La kwanza, mfumo unatofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo “WhatsApp” na “whatsapp” ni vyanzo viwili. Andika yote kwa herufi ndogo. La pili, sehemu ya utm_medium usiibunie neno lako. Ukiandika utm_medium=stetasi, kuna hatari wageni hao watupwe kwenye kapu la “Unassigned”, la wasio na kundi. Ubunifu wako uweke kwenye utm_campaign. La tatu, usitie alama hizi kwenye viungo vya ndani ya tovuti yako, kama vile kutoka ukurasa wa mwanzo kwenda ukurasa wa bei, maana utavuruga chanzo halisi cha mgeni aliyekwisha kuingia.

Na usiweke jina au namba ya simu ya mteja ndani ya kiungo ili “umfuatilie vizuri”. Google inakataza, na sheria nazo zipo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa ya mteja ni amana.

Dalili: wageni wapo, wanasoma, lakini hakuna anayeuliza

Hii ndiyo dalili inayonihuzunisha zaidi, kwa sababu mwenye biashara tayari ametumia pesa kumleta mtu hadi mlangoni.

Anza na kitufe, kama kule Keko. Kibofye mwenyewe kwa simu ambayo haijahifadhi namba yako. Jaribu na kwa simu ya kioo kidogo, uone kama tangazo la kuki, lile linalomwomba mgeni ruhusa ya kumkumbuka, halijakifunika. Kisha hakikisha kubofya kunahesabiwa. GA4 hurekodi yenyewe kila anayebofya kiungo cha kutoka nje ya tovuti, pamoja na wa.me, lakini inavichanganya vyote, hata anayekwenda kwenye Instagram yako. Tengeneza tukio jipya, liite bofya_whatsapp, lipe sharti kwamba kikoa cha kiungo kiwe wa.me, kisha liweke kuwa tukio muhimu. Viungo vya kupiga simu, vinavyoanza na tel:, havihesabiwi vyenyewe. Hivyo mwombe fundi wako akuwekee kwa Google Tag Manager, zana ya Google ya kuweka misimbo ya kuhesabu.

Sasa ongeza kitu kimoja ambacho kimenisaidia kuliko ripoti yoyote. Kiungo cha wa.me kinaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari. Kwenye ukurasa wa vitanda uweke hivi, namba yako ikifuata 255:

wa.me/255…?text=Habari,%20naulizia%20kitanda%205x6

Alama ya %20 ndiyo nafasi kati ya maneno. Kwenye ukurasa wa makabati ujumbe uwe wa makabati. Mteja akibofya, maneno yanamngoja, anatuma tu. Wewe ukipokea unajua ametoka ukurasa gani, na unaandika kwenye daftari: tarehe, ukurasa, bei aliyoambiwa, kanunua au hakununua. Hapo ndipo ripoti na daftari hukutana.

Tuseme mwezi umeisha na hesabu ni hii: wageni 400 kwenye ukurasa wa vitanda, 40 wamebofya WhatsApp, 22 wametuma ujumbe, watatu wamenunua. Kila hatua ina ugonjwa wake. Kama tatizo liko kati ya 400 na 40, kasoro iko kwenye ukurasa: picha, maelezo, au bei isiyoonekana. Kati ya 40 na 22, watu wanafika WhatsApp na kuahirisha, na hapo ujumbe ulioandikwa tayari husaidia. Kati ya 22 na watatu, tovuti haina kosa tena. Fungua simu yako usome mazungumzo: ulijibu baada ya muda gani? Swali gani lilikuwa la mwisho kabla mteja hajanyamaza? Kwa yule fundi swali hilo lilikuwa la usafiri. Watu wa Kigamboni na Mbagala walitaka kujua kitanda kitawafikiaje na kwa shilingi ngapi, na yeye alikuwa anajibu “tutaongea”. Ripoti isingemwonyesha hilo hata angeitazama mwaka mzima.

Kuhusu bei, naomba nieleweke. Mazoea ya “bei njoo DM” yanawagharimu wafanyabiashara wetu. Najua sababu: washindani wanachungulia, mbao zinapanda, kila kazi ina vipimo vyake. Basi andika “kuanzia” na kiwango cha chini. Mteja asiyeona bei hudhani ni kubwa, na hana muda wa kuanza mazungumzo na mtu asiyemjua ili tu ahakikishe.

Dalili: Google inakuonyesha kwa watu, hawabofyi

Analytics haikuelezi jambo hili, maana mtu hajaingia bado. Fungua Google Search Console, ni ya bure, na inahifadhi takwimu za miezi 16. Angalia maneno ambayo watu waliyaandika ukatokea mbele yao.

Kwa samani utakuta watu hawaandiki “samani bora za kisasa”. Wanaandika “bei ya kitanda 5x6”, “kitanda cha mninga”, “kabati la nguo milango mitatu”. Kama kichwa cha ukurasa wako ni “Karibu kwenye tovuti yetu”, Google inaweza kukuweka nafasi ya nane na mtu akakupita, kwa sababu hajaona neno alilolitafuta. Chukua maneno matano yanayokutokeza mara nyingi bila kubofywa, yaandike kwenye vichwa vya kurasa kama wateja wanavyoyaandika, kisha subiri wiki kadhaa. Usibadilishe tena katikati, utapoteza kujua kipi kilifanya kazi.

Dalili: wanaingia na kutoka papo hapo

Mara nyingi ni uzito. Picha iliyotoka kwenye simu moja kwa moja inaweza kuwa na MB 4, na ukurasa wenye picha 10 za namna hiyo unakula bando la mteja kabla hajaona hata kitanda kimoja. Pima kwa PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya ukurasa, upande wa simu. Google hupendekeza kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Punguza picha ziwe na upana wa kama pikseli 1200, zihifadhi kwa muundo wa WebP, na ondoa ile video inayocheza yenyewe juu ya ukurasa wa mwanzo.

Uzito huo ndio pia unaoeleza malalamiko ya wanaoboosti posti: Facebook inasema watu 300 wamebofya, Analytics inaona 140. Facebook imehesabu kidole kilichogusa kiungo, Analytics imehesabu ukurasa uliofunguka. Wengine waligusa kwa bahati mbaya, wengine walichoka kungoja. Kwenye mpangilio wa tangazo, chagua kulenga wanaofungua ukurasa badala ya wanaobofya tu.

Dalili: saa na miji haieleweki

Ukiambiwa wateja wako wengi huingia saa 20, hiyo ni saa mbili usiku yetu. Nimeona mtu akipanga posti zake kwa kukosea hapo. Lakini kuna kosa kubwa zaidi: akaunti iliyofunguliwa bila kubadilisha majira ikabaki na ya Los Angeles. Hapo saa mbili usiku ya Dar au Nairobi inaandikwa 9 au 10, yaani kama saa tatu au saa nne asubuhi, kutegemea msimu wao. Unatangaza asubuhi watu wakiwa kazini, na jioni unalala. Rekebisha kwenye mipangilio, ukijua kwamba marekebisho hayarudi nyuma kwa takwimu za zamani.

Miji nayo isikupe uhakika mkubwa. Mtu anayetumia bando la simu akiwa Songea anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam, kwa sababu mtandao wake unatokea huko. Usifunge tangazo la mkoa kwa ushahidi wa ripoti hiyo peke yake. Muulize mteja yuko wapi, daftari lina nafasi.

Dalili: mwezi huu tumeshuka, mwezi ule tulipanda

Oda zikitoka mbili kwenda tatu, mfumo utaandika asilimia 50 kwa rangi ya kijani. Ni oda moja. Kwa hesabu ndogo hivi, tazama miezi mitatu pamoja kabla ya kuamua.

Tena linganisha vinavyolingana: Jumatatu na Jumatatu, mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi, kwa kuwa mshahara huonekana wazi hata kwenye takwimu. Januari ni ya ada za shule, na samani hazitembei. Ramadhani huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo ukilinganisha mwezi wa Machi wa mwaka huu na wa mwaka juzi unaweza kuwa unalinganisha mfungo na siku za kawaida. Ili ulinganisho wa mwaka hadi mwaka uwezekane kwenye uchambuzi wa kina, ingia kwenye mipangilio ya uhifadhi wa data leo hii. GA4 huanza na miezi miwili, nawe unaweza kuipandisha hadi 14 bila malipo.

Dalili: simu zinaita, ripoti imelala

Mwenye dalili hii haumwi, ila anaweza kuifunga tovuti au kuacha kuilipia akidhani haina faida. Mara nyingi wateja wanampata kwenye Google Maps, kupitia wasifu wa biashara, wanabofya kupiga papo hapo bila kugusa tovuti. Wasifu huo una takwimu zake: waliopiga, walioomba maelekezo ya njia, waliofungua tovuti. Zisome pamoja na za Analytics, na kiungo cha tovuti kilichomo humo kipe alama zake za utm ili kisichanganyike na matokeo ya kawaida ya utafutaji. Yule fundi wa Keko alipofanya hivyo aligundua kuwa wanaoomba maelekezo huongezeka Jumamosi, siku aliyokuwa akifunga saa sita mchana. Sasa karakana iko wazi mpaka saa kumi na moja, na daftari lina safu mpya yenye maneno “amefuata ramani”.